Hoja ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Dar es Salaam,
11 Februari 2024

Mjomba wangu Humaidi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na dada yako. Mwambie Mama nguo alizonitumia zimefika zote, na lile gauni la kijani limenikaa vizuri kuliko alivyodhani. Mimi mzima, ila joto la huku linanitoa roho. Bahasha hii nampa Kornel, dereva wa basi, aikabidhi mkononi mwako. Simu yako ya vitufe haipokei alama zangu za hesabu na masikio yako hayapokei sauti yangu, basi tutaandikiana kama watu wa zamani.

Humu ndani utakuta sura ya nne ya tasnifu. Msimamizi wangu, Dk. Theodora, ametaka utangulizi ambao hata mwanasheria angeuelewa, nami nimeuanza na maharage yako. Nimeandika hivi:

"Chora duara lenye nafasi kumi na tatu, kuanzia sifuri hadi kumi na mbili. Weka maharage mekundu kwenye 0, 1 na 4. Weka meupe kwenye 0, 2 na 7. Sasa hesabu hatua kutoka kila jekundu hadi jekundu jingine, na kila jeupe hadi jeupe jingine, ukizunguka upande mmoja. Kila umbali kuanzia moja hadi kumi na mbili utaupata mara moja tu. Hakuna unaorudiwa, hakuna unaokosekana. Mkusanyo wa namna hiyo huitwa familia ya tofauti."

Unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa, sinia la Mama liko sakafuni, na wewe ulikataa kunionyesha jibu mpaka wali ukaungua.

Halafu nimeeleza yale makundi uliyokuwa ukiyaita magumu, ambayo ukibadili zamu ya mambo, jibu nalo linabadilika. Nimetumia mfano wa daftari: ligeuze kifudifudi kisha lizungushe robo, anza upya, lizungushe robo kwanza kisha ligeuze. Haliishii palepale. Tasnifu yangu yote inasema kwamba familia za makundi mapole, yale yasiyojali zamu, zinaweza kuvushwa hadi kwenye hayo magumu, na daraja la kuvukia ni hoja yako ya mwaka 1987, iliyo ukurasa wa 41. Jina lako lipo pale juu yake.

Tafadhali usome ukurasa huo kwa jicho la mwalimu. Natakiwa kuwasilisha mwisho wa Mei.

Mwanao,
Jihan


Gongoni, Tabora,
20 Machi 2024

Mwanangu Jihan,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Tumo katika mfungo na siku zinakwenda taratibu. Mama yako mzima, anakusalimu, anasema ule daku ipasavyo usije ukazimia kwenye maktaba. Mvua zimetushika kweli mwaka huu. Barabara ya Kwihara imekatika mara mbili, na watu wa huko wamefika mjini kwa miguu. Masolwa wa Ipole kaleta asali kidogo, anasema nyuki wamekimbia mizinga kwa sababu ya maji. Nimekuwekea chupa moja.

Sura yako nimeisoma yote. Utangulizi mzuri mno. Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Ukurasa wa 36 umesahau mkato. Ukurasa wa 38 umeandika "kila" mara mbili. Jedwali la ukurasa wa 44 lingependeza zaidi likikaa peke yake.

Ukurasa wa 41 nimeusoma.

Mama yako anauliza kama sikukuu utakuja. Nimemwambia una kazi.

Wako,
Mjomba Humaidi


Dar es Salaam,
4 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua. Nashukuru kwa asali, mnitunzie. Sikukuu sitaweza kuja, mwambie Mama asinune. Dk. Theodora anataka sura tatu za mwisho kabla ya tarehe ishirini. Idara nayo ina nafasi moja ya mhadhiri, na wameniambia waziwazi kwamba wananingoja mimi, mradi nimalize mwaka huu.

Mikato nimeirekebisha. Lakini Mjomba, umeniandikia kwamba ukurasa wa 41 umeusoma. Hukuandika umeuonaje.

Wewe hujawahi kusoma ukurasa wa hesabu ukanyamaza. Nilipokuwa kidato cha pili uliijaza karatasi yangu wino mwekundu kwa kosa la alama ya kutoa. Nakuomba neno moja tu. Uko sawa, au hauko sawa. Silali vizuri. Ninakaa mbele ya ukurasa huo saa nzima, na macho yanapita juu yake kama maji juu ya kioo.

Neno moja, Mjomba.

Jihan


Gongoni, Tabora,
2 Mei 2024

Mwanangu Jihan,

Marahaba. Sikukuu tuliila vizuri, alhamdulillahi. Mama yako alipika pilau ya watu ishirini na walikuja tisa. Jirani yetu Koleta alituletea viazi, akakaa na Mama yako jioni nzima wakicheka. Mimi nilikuwa nikiangalia midomo yao, nikacheka pale walipocheka.

Unaniuliza mimi? Wewe ndiye msomi sasa. Mimi nilifika chuo mwaka wa pili tu. Hoja ile niliiandika katika wiki moja, sikula, sikuoga, mwalimu wangu akaniambia niiandike vizuri tuipeleke jaridani. Siku kumi baadaye nikaletewa simu ya maandishi kwamba marehemu baba ameanguka dukani. Nikaja kuzika. Duka likataka mtu, na mtu nikawa mimi, hadi lilipokufa nalo nikaenda kufundisha. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa watu kutafuta x. Sijawahi kulalamika na sasa silalamiki. Nakwambia ujue tu kwamba katika maisha yangu yote nimethibitisha kitu kimoja.

Macho yananisumbua kidogo. Pengine nitampa mtu mwingine anisomee.

Ule vizuri.

Mjomba Humaidi


Dar es Salaam,
30 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama.

Nimewasilisha leo asubuhi. Nakala nne, jalada la buluu. Ukurasa wa 41 umo kama ulivyokuwa. Hukusema kitu, na mimi nimeuacha.

Kutetea ni tarehe 22 Agosti. Wamemteua Dk. Tobias kuwa mtahini wa ndani. Wa nje hatujaambiwa.

Kila mtu hapa ananipongeza.

Jihan


Gongoni, Tabora,
27 Julai 2024

Mwanangu Jihan,

Bismillah. Salamu zote za nyumbani zichukue kama kawaida; leo mkono hautaki kuziandika.

Nimeweka humu barua nyingine. Utaona tarehe yake. Niliiandika, nikaitia katika bahasha, nikaenda nayo hadi stendi, nikamwona Kornel anafunga mizigo juu ya basi lake, nikarudi nayo nyumbani. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu Kornel mwenyewe aliniona akanipungia mkono, nami nikajifanya nimekuja kununua mkate.

Soma hiyo kwanza.

*

14 Aprili 2024

Jihan, mwanangu, hoja yangu ni mbovu.

Tazama mstari wa sita. Pale ninachukua x, kisha kinyume cha y, na tofauti hiyo ninaiita kwa alama ile ya pembetatu. Sasa tazama mstari wa tisa. Pale ninaanza na kinyume cha y, ndipo inafuata x, na tofauti hiyo nayo nimeiita kwa alama ileile ya pembetatu. Katika makundi mapole hizo mbili ni kitu kimoja. Katika magumu si kitu kimoja, na hilo ndilo jambo lenyewe lililoyafanya yawe magumu. Nimehesabu kutoka kulia, nikalipa kutoka kushoto. Alama moja imeficha vitu viwili kwa miaka thelathini na saba.

Nililiona tarehe 3 Machi, baada ya alasiri. Nilikuwa nikisoma kwa furaha, nikitazama jina langu. Nilipofika mstari wa tisa nilihisi kama mtu amevuta mkeka nikiwa juu yake. Nimejaribu kuuziba kwa wiki sita. Hauzibiki.

Usiwasilishe.

*

Hiyo ndiyo barua. Ningekutumia siku ile, ungekuwa na wiki sita. Sasa una siku ishirini na sita, na tasnifu imekwisha kufika kwa watahini.

Sina la kujitetea. Uliniomba neno moja, na nilikuwa nalo. Kila niliposhika kalamu nilijiona nimebaki mzee kiziwi aliyeuza sabuni, akafundisha x, basi. Nikasema labda hawataona. Mimi, niliyekuchapa kwa kuandika jibu sahihi bila kuonyesha njia.

Mama yako hajui. Anadhani ninaumwa tumbo.

Humaidi


Dar es Salaam,
12 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeichana barua yako, kisha nimeiunganisha kwa gundi ya karatasi. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Nyingine zilikuwa za matusi, na sikujua kwamba nayajua matusi yale.

Sasa nisikilize. Nilikuwa najua.

Nililiona tarehe 29 Machi. Mstari wa tisa. Nilikuwa naandaa mfano wa kuonyesha darasani, mfano ukagoma, nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwako. Ile barua yangu ya Aprili niliyokuomba neno moja, niliiandika nikijua. Sikuwa nakuuliza kama uko sawa. Nilikuwa nataka mwalimu wangu aniambie uko sawa, ili nikiwasilisha iwe ni kwa neno lako. Ulipokataa kusema nilikasirika kwa sababu ulikuwa hunidanganyi. Unaelewa? Nilikasirika kwa sababu ulinyamaza tu, hukudanganya.

Kwa hiyo usijibebeshe wiki zangu sita. Zilikuwa zangu. Nilizitumia kutia saini fomu za kuwasilisha.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku nne. Watahini wote wawili walikuwa wamekwisha kurudisha ripoti. Dk. Tobias ameandika kwamba sura ya nne ndiyo moyo wa kazi. Wa nje amesahihisha tahajia. Hakuna aliyeona. Ningeingia chumba kile tarehe 22, nikatoka na shahada, na nafasi, na Mama angechinja mbuzi. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba nisingeweza tena kumfundisha mtu chochote bila kuuona mstari ule ubaoni.

Jumatatu nilikwenda kwa Dk. Theodora. Alikuwa anakunywa chai.

Nikamwambia, "Sura ya nne ina kosa. Ukurasa wa arobaini na moja."

Akafungua, akasoma. Nikaona kidole chake kinashuka, sita, saba, nane. Kikasimama.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi nilipitisha hii."

"Tulipitisha sote."

"Umeliona lini?"

Hapo ningeweza kusema wiki hii. Nilisema, "Machi."

Alifunga tasnifu, akaweka mikono juu yake kama mtu anayezuia kitu kisitoke. "Ungeniambia umeliona jana, Jihan, ningekupigania mpaka kwa makamu mkuu. Machi siwezi kuipigania. Nitaandika kwamba umejitokeza mwenyewe. Zaidi ya hapo sina."

Tasnifu imeondolewa. Kamati itakaa Oktoba. Nafasi ya mhadhiri wamempa mtu mwingine, Elieza, kijana mwema, hana hatia. Chumba cha chuo natakiwa nikiachie mwisho wa mwezi. Nina miaka thelathini na mbili, na kazi yangu ya miaka mitano ina shimo katikati ambalo naweza kupitisha kichwa.

Sijui nimwambie nini Mama. Mwambie wewe. Hilo ninakudai.

Jihan


Gongoni, Tabora,
5 Oktoba 2024

Mwanangu Jihan,

Marahaba, na salamu nyingi. Najua uko Nzega sasa, Mama yako ameniandikia katika daftari letu la mazungumzo: unafundisha sekondari ya kule, unakaa kwa Raymundi, mwalimu mwenzangu wa zamani, na mkewe. Hujaja Tabora ingawa ni safari ya asubuhi moja. Sikulaumu.

Mama yako nilimwambia siku ileile barua yako ilipofika. Nilimwandikia kila kitu, akasoma akiwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliandika chini yake: "Nyinyi wawili mmenificha nyumba inaungua, na mimi nimo ndani." Hakunisemesha siku tano, na kwa kiziwi hilo si jambo dogo, maana yeye ndiye mtu pekee anayejitaabisha kunikabili anaposema.

Mimi nilianguka kidogo mwezi wa nane. Ni presha. Nimepona. Sikutaka uambiwe, lakini nimechoka kuchagua ya kukuficha.

Nilipoweza kuketi nikaona jambo moja limebaki halijafanywa. Sisi tunajua uthibitisho umevunjika. Hatujui kama kauli yenyewe, kwamba familia iliyotimia upande mmoja hutimia na upande wa pili, ni uongo. Huenda ni kweli na kuna njia nyingine. Na wewe kila siku ungeamka ukijiuliza hivyo, ungejimaliza nayo kama nilivyokuona unajimaliza katika barua zako. Nikasema nitaiua mwenyewe, iwe imekufa kweli, tuizike.

Nilichukua kundi gumu lenye elementi hamsini na tano. Jedwali lake ni visanduku elfu tatu na ishirini na tano. Nilibandika karatasi za manila zikafunika meza ya chakula yote. Tumekula sakafuni tangu Agosti. Mama yako alinishikia rula. Kisha akaanza kunisomea mistari kwa kuonyesha kidole, kisha akaanza kunikosoa. Hajawahi kusoma hesabu kupita darasa la saba, na amenikamata makosa kumi na moja.

Nilihitaji vikundi tisa vya elementi tatutatu, ambavyo tofauti zake, kwa kuhesabu kutoka upande wa kulia, zinapita kwenye elementi zote hamsini na nne zilizobaki, kila moja mara moja. Nilikwama kwenye kikundi cha nane mara nne. Mara ya nne niliutupa wino ukutani. Doa lipo, utaliona ukija. Tarehe 26 Septemba vyote tisa vilikaa.

Halafu nilifanya jambo jepesi kiasi cha kutia aibu. Nilichukua kikundi kimoja tu kati ya vile tisa, nikakisogeza kwa kukizidisha kutoka kulia kwa elementi moja. Kutoka kulia tofauti hazikubadilika hata moja. Kutoka kushoto zilitawanyika: elementi nne zimekuja mara mbili, na nne hazikuja kabisa. Familia imetimia upande mmoja na imevunjika upande wa pili. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba ina ufa. Ni uongo. Ilikuwa uongo siku niliyoiandika, na mwalimu wangu aliponishika mkono ilikuwa uongo, na ningebaki chuo ingekuwa uongo vilevile.

Nilikaa nikitazama lile jedwali. Nilidhani nitalia. Niliomba chai.

Nakutumia karatasi zote, kumi na nane. Zitumie au uzitupe. Kama kamati yako itakuruhusu kubakiza sehemu ya makundi mapole, hizi zitaonyesha kwa nini umeishia pale. Sikuombi jina langu liwekwe popote.

Macho yangu mazima. Yale ya Mei nilikudanganya.

Humaidi


Nzega,
3 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Assalamu alaykum, na shikamoo sana. Nimekaa na karatasi zako wiki nane, na sikukuandikia hata mstari. Nisamehe, lakini sikutaka kukuandikia nusu.

Huku mvua zimeanza. Wanafunzi wangu nusu wako mashambani. Mke wa Raymundi ananilisha kana kwamba nimetoka kulazwa. Ninafundisha kidato cha tatu na cha nne, madarasa ya watu themanini. Kuna wiki mbili za Oktoba ambazo sizikumbuki vizuri. Nilikuwa naingia darasani, natoka, navua viatu, nalala na nguo zangu. Raymundi alitaka kumpigia Mama simu, nikamwapia nitahama akithubutu. Leo nakwambia kwa kuwa na mimi nimechoka kuchagua.

Kamati imekaa. Udaktari hapana, si kwa kazi hii. Wameniruhusu kuandika upya, sehemu ya makundi mapole pamoja na sura mpya, kwa shahada ndogo zaidi, na barua ya onyo itabaki kwenye faili langu. Wengine wangeona ni huruma. Mimi uamuzi huo niliukunja nikautia chini ya godoro. Halafu nikapiga pasi sketi yangu nikaenda kufundisha.

Sura mpya ni karatasi zako.

Lazima nikueleze nilivyozisoma. Sikuzisoma kwa nia njema. Nilizisoma nikitafuta kosa. Nilikuwa na hasira bado, na nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba ukikosea hapo, basi huenda kauli yetu iko hai na miaka yangu mitano iko hai. Nilitengeneza jedwali langu mwenyewe, bila kulitazama lako. Nilizipitia tofauti hamsini na nne moja moja, kutoka kulia, kisha kutoka kushoto. Nilianza upya. Mara ya tatu nilizitia kwenye kompyuta ya shule, iliyo moja tu, na mwalimu mkuu amekaa pembeni akingoja kuchapa ratiba.

Nilipomaliza nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Nimeandika jina lako juu ya sura hiyo, na la Mama chini yake, kwa ajili ya yale makosa kumi na moja. Dk. Theodora amekubali. Usinibishie.

Jumamosi ninakuja. Usiniandikie kabla ya hapo. Kuna jambo moja ambalo nimelikata katika barua hii mara tatu, kwa sababu sitaki ulipate kwa maandishi tu. Nataka ukae karibu na dirisha penye mwanga, uvae miwani yako, uangalie midomo yangu, nami nitasema polepole: kila mstari, Mjomba, kila mstari ni sahihi.

Mwanao,
Jihan